Karakana ya kusuka transfoma, Kamalondo: pitia hapo kabla ya kuchomeka mashine iliyotoka ng'ambo

Bei kwanza, maana hapa Lubumbashi ndilo swali la kwanza. Transfoma, yaani kifaa cha kushusha volti za ukutani, ya volti-ampea 1500 (ndio ukubwa wa mzigo inaobeba), iliyosukwa kwa waya wa shaba tupu, nimelipa dola 90. Kebo mpya ya laptopu yenye plagi ya kwetu, dola 3. Fyuzi na kishikio chake, dola 2. Kusomewa kibandiko cha mashine na kuambiwa kama inafaa kwa umeme wetu ni bure, hata ukiondoka bila kununua kitu. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike.

Nina sekretaria ndogo barabara ya Kasapa, kwenye njia ya wanafunzi wa chuo kikuu. Tunachapa kazi zao za mwisho wa masomo, tunatoa fotokopi, tunapiga picha za pasipoti, tunajaza fomu za watu wanaotafuta viza. Mashine zangu hazikutoka nchi moja. Laptopu zilinunuliwa Dubai, zikaja na plagi ya Kiingereza yenye miguu mitatu bapa. UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshika mashine umeme ukikatika, ilitoka Johannesburg na plagi ya Afrika Kusini, ile ya miguu mitatu minene ya duara. Kioo kimoja cha kompyuta niliuziwa na Mbelgiji aliyekuwa anafunga nyumba kurudi kwao, na hicho tu ndicho kilichoingia ukutani bila maneno, kwa kuwa prizi zetu, yaani matundu ya umeme ya ukutani, ni urithi wa kwao. Halafu kuna printa kubwa ya leza. Mdogo wangu anayeishi Dallas aliiweka kwenye kontena la pamoja, ikashuka bandarini Dar es Salaam, ikapanda lori hadi Tunduma, ikavuka Zambia na kuingia Kasumbalesa ikiwa bado kwenye katoni lake. Tona zake ni kubwa, inachapa pande mbili za karatasi yenyewe, na kwa kazi yangu ni mashine ya ndoto.

Ukiangalia sekretaria yoyote ya mji huu utakuta mchanganyiko huohuo. Tumekaa njia panda. Vitu vya Afrika Kusini vinapanda kutoka kusini, vya Dubai na China vinapitia Dar es Salaam, vya Ulaya vinakuja na ndugu wanaorudi likizo, vya Marekani na Kanada vinatumwa na watoto wetu walioko huko. Na kila upande una plagi yake. Kwa hiyo mjini pameota biashara kubwa ya adapta, na hapo ndipo watu wanapoumizwa.

Jirani yangu mwenye studio ya picha alitumiwa mashine ya kuchapisha picha kutoka Marekani. Akaenda katika duka moja la katikati ya mji, akaonyesha plagi, akauziwa kidude cheupe cha plastiki akiambiwa kwamba "kinabadilisha umeme". Kidude hicho hakibadilishi kitu. Kinapokea miguu bapa upande mmoja na kutoa miguu ya duara upande wa pili, basi. Umeme wa volti 220 ukapita humo jinsi ulivyo, ukaikuta mashine iliyotengenezwa kwa volti 120. Ukafuata mlio, harufu, na mashine ikaisha kabla haijatoa picha hata moja. Aliporudi dukani aliambiwa mashine ilikuwa mbovu tangu huko ilikotoka. Ninakasirika kila nikikumbuka, kwa sababu muuzaji angegeuza tu ile mashine na kusoma mstari mmoja, asingeiuza ile adapta.

Huyo jirani ndiye aliyenipeleka Kamalondo. Baada ya msiba wake alikuwa ametafuta mtu wa kumfungulia mashine aone kilichoungua, akamkuta fundi huyu. Karakana haina kibao. Ni chumba kimoja chenye mlango wa bati unaotazama barabara, nje kuna motere (mota) za vinu vya mahindi zimepangwa zikingoja kusukwa upya, maana hiyo ndiyo kazi yake kubwa: kusuka motere na transfoma. Ukiuliza kwa fundi wa kusuka motere, kijana yeyote wa mtaa atakuonyesha. Ni mzee wa makamo, anaongea kwa sauti ya chini, na mikono yake imejaa vanishi iliyokauka.

Nilifika na printa ndani ya teksi. Sikuwa nimesema chochote kuhusu transfoma. Alinisaidia kuishusha, akaona nimeshika kebo yake mkononi, akanizuia.

"Mama, usiingize kwanza. Tuangarie bile banaandika."

Akailaza printa juu ya blanketi, nyuma ikatazama juu, akafuta vumbi kwa kidole na kuniita nisome mwenyewe. Kibandiko kilikuwa kidogo, herufi za kuumiza macho: volti 110 hadi 127, hezi 50/60 (mitetemo ya umeme kwa sekunde), ampea 5.4. Akachukua kipande cha katoni na kalamu, akaandika 120 mara 5.4, akapata karibu wati 650. Akaniambia hiyo ndiyo njaa yake inapokula sana, yaani pale inapopasha joto kile kiroli cha ndani kinachoyeyusha wino wa unga ushike karatasi. Kisha akaniomba chaja ya laptopu iliyokuwa kwenye mkoba wangu, akaigeuza pia. Humo mliandikwa volti 100 hadi 240. "Iyi haina shida," akasema, "inakula umeme wa kila fasi."

Pale kwenye blanketi nilielewa jambo ambalo maduka yote ya adapta hayajawahi kunieleza. Karibu kila chaja ya laptopu, ya simu, ya kamera, na vioo vingi vya kompyuta, vimetengenezwa vikubali umeme wa nchi yoyote: wa Japani ulio volti 100, wa Marekani 120, wetu 220, wa Zambia 230. Hivyo vinahitaji kubadilishiwa miguu tu. Lakini mashine yenye kifaa cha kupasha joto, na printa ya leza ni mojawapo, mara nyingi hutengenezwa kwa umeme wa upande mmoja tu, wa chini au wa juu. Kipasha joto cha volti 120 ukikipa volti 220 hakipati nguvu mara mbili, kinapata zaidi ya mara tatu, kwa kuwa ukiongeza volti na ampea nazo zinaongezeka. Ndiyo maana mashine ya jirani haikupata hata nafasi ya kuonyesha dalili.

Watengenezaji wenyewe wanalisema hili. HP, kwa mfano, huandika katika vitabu vya printa zake kwamba umeme wa printa unategemea nchi ilikouzwa, na kwamba mtu asijaribu kuibadilisha volti zake. Fundi naye hakugusa chochote ndani ya printa. Alisema mashine ibaki jinsi ilivyozaliwa, umeme ndio ushushwe kabla ya kuifikia.

Sasa niseme kuhusu plagi, maana wengi tunadhani umbo la plagi linatuambia umeme wake. Halituambii. Miguu miwili bapa ni ya Marekani, ndiyo, lakini China nako wanatumia miguu miwili bapa na umeme wao ni volti 220 kama wetu. Kwa hiyo una redio ya Guangzhou na mashine ya kunyolea ya Chicago, plagi zinafanana kabisa. Moja inafaa hapa, nyingine inaungua. Na kibaya zaidi ni zile ralonji, nyaya za kurefusha umeme, za matundu ya kila namna zinazouzwa kila kona, zinazopokea plagi ya Mwingereza, Mmarekani, Mchina na Mbelgiji kwenye tundu lilelile. Nchi zilipochagua plagi tofauti, ule ugumu wa kutoingia ulikuwa ulinzi kwa namna fulani: mashine ya volti 120 haikuweza kuingia ukutani Ubelgiji bila mtu kusimama na kuuliza. Ralonji hizo zimeondoa swali. Juu ya hapo, kwa kuwa tundu moja linataka kushika miguu ya kila umbo, halishiki wowote vizuri. Plagi inacheza, inatoa cheche, plastiki inageuka kahawia. Nilikuwa nayo moja chini ya meza ya fotokopi. Nimeitoa.

Na mguu wa ardhi? Prizi ya Kibelgiji ina kijiti kinachotokeza nje, na plagi yake ina tundu la kukipokea. Hiyo ndiyo njia ya umeme uliopotea kwenda ardhini badala ya kwenda mwilini mwa mtu. Adapta nyingi za dola moja zinaikata njia hiyo. Ukishika laptopu yenye mwili wa alumini huku inachaji, ukahisi kama ngozi inatetemeka kwenye kiganja, mara nyingi ni sababu hiyo. Nyumba nyingi za zamani hapa, hata zenye kuta nzuri za matofali, zina prizi za matundu mawili tu bila ardhi, kwa hiyo si adapta peke yake ya kulaumiwa. Lakini kama ukuta wako una ardhi, usiitupe kwa sababu ya kidude cha dola moja.

Dawa ya fundi kwa laptopu na UPS ni rahisi kuliko adapta yoyote, na ningependa kila mtu aijue. Kebo ya chaja ya laptopu mara nyingi huchomoka pale inapoingia kwenye kile kisanduku cheusi. Mdomo wa upande huo ni wa kiwango cha kimataifa, IEC 60320, sawa Dubai, sawa Dallas, sawa Lubumbashi: wa laptopu una matundu matatu ya duara, wa UPS, printa na kompyuta za mezani ni mpana wenye matundu matatu bapa, wa redio na vifaa vidogo unafanana na namba 8. Kwa hiyo hununui adapta. Unanunua kebo nzima yenye mdomo uleule upande mmoja na plagi ya Kibelgiji yenye ardhi upande wa pili. Anazo zimening'inia msumarini, na kabla hajakupa anaipima kwa mita ya umeme, nyaya zote tatu, mbele yako. Laptopu zangu za Dubai sasa zinaingia ukutani moja kwa moja. UPS ya Johannesburg vilevile. Dola 3 kila kebo, ile nene ya UPS dola 5.

Tofauti moja alinikumbusha: plagi ya Kiingereza ina fyuzi ndani yake, ya Kibelgiji haina. Ukiiacha ile ya Kiingereza, ulinzi unabaki kwa swichi kuu ya nyumba. Akaniuliza kama swichi kuu yangu ni nzima au imefungwa waya. Ni nzima. Najua nyumba nyingi ambazo jibu lingekuwa lingine.

Turudi kwenye transfoma. Nilikuwa nimeona mjini za kununua tayari, za sanduku la chuma lililopakwa rangi ya machungwa, "1000W" imeandikwa kwa herufi kubwa, dola 45. Nilimwuliza kwa nini nisichukue hiyo. Hakuitukana. Aliingia nyuma akaleta moja ya aina hiyo iliyoletwa imeungua, mfuniko umeshafunguliwa, akachukua wembe na kukwangua vanishi kwenye waya. Chini ya vanishi ya rangi ya shaba mlikuwa na weupe. Alumini. Kisha akakwangua waya wake mwenyewe kutoka kwenye roli, ukatoka wekundu ule tunaoujua tangu utotoni, sisi tuliokulia chini ya bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyusha shaba, mji ambao umeyeyusha shaba tangu 1911. Waya wa alumini wenye unene sawa na wa shaba unapitisha umeme kidogo na kupata joto zaidi. Transfoma iliyoandikwa 1000 inaweza kuhimili mashine ya kunyolea na redio, lakini printa ya wati 650 inayochapa tangu saa mbili asubuhi hadi jioni wakati wa kuwasilisha kazi za mwisho itaipika. Ushauri wake ni kuzidisha mara mbili: mashine ya 650, transfoma ya 1300 kwenda juu. Tukakubaliana 1500.

Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna duka lililowahi kuniuliza: unataka waya mmoja au miwili? Katika transfoma ya waya mmoja, umeme wa kuingia na wa kutoka unagawana mzingo uleule wa waya, unachota volti 120 katikati ya njia. Ni nyepesi na ingenigharimu dola 60. Lakini waya huo ukikatika sehemu mbaya, volti 220 nzima zinaweza kuteremka hadi kwenye mashine. Katika ile ya pili mizingo ni miwili iliyotengana, umeme unavuka kwa nguvu ya sumaku kupitia kile kiini cha sahani nyembamba za chuma. Waya wa kuingia ukikatika, mashine inazimika tu. Nzito zaidi, shaba zaidi, dola 90. Hakunisukuma. Alisema printa ni yangu na pesa ni zangu. Nilichukua ya mizingo miwili.

Kuna siku nilimkuta akiisuka. Anazungusha kwa mkono, kwenye kijimashine chenye mpini na kihesabio, na kila tabaka likikamilika anaweka karatasi ya kuzuia umeme kabla ya kuanza lingine. Kwa kila mizunguko 11 ya upande wa kuingia, 6 ya upande wa kutoka. Ndivyo 220 inavyokuwa 120. Alipomaliza aliiacha imefungwa umeme bila mzigo wowote hadi kesho yake, akaishika mgongo kusikia joto, akapima kinachotoka. Nilipofika kuichukua umeme wa mtaa wake ulikuwa 214, na upande wa kutoka mita ilionyesha 117. Tukaunganisha printa palepale Kamalondo, ikachapa ukurasa wa majaribio. Prizi ya kutokea ni ya Kimarekani halisi, aliichomoa kwenye ralonji kuukuu ya mtu aliyerudi kutoka huko, na waya wa ardhi ameupitisha kutoka plagi ya ukutani hadi kwenye tundu lake la tatu.

Nilimwuliza pia kuhusu hezi, kwa kuwa Marekani ni 60 na sisi 50, na transfoma haibadilishi hilo. Jibu lipo kwenye kibandiko: kikiandika 50/60, usihangaike. Kikiandika 60 peke yake, hasa kwa mashine yenye motere inayoenda moja kwa moja na umeme, au transfoma iliyotengenezwa huko, lete kwanza izungumzwe.

Jambo kubwa alilonifundisha, na ambalo lingeniharibia kazi hata na transfoma nzuri, ni kwamba transfoma inafuata ukuta. Haijui 120. Inajua kugawa tu. Jioni mtaani kwetu, watu wakianza kupika kwa reshoo, majiko ya umeme, umeme unashuka hadi 180 na wakati mwingine chini ya hapo. Gawanya kwa uwiano wake, unapata 98. Printa inayotaka 110 hadi 127 itagoma, au itaanza na kuzimika katikati ya ukurasa. Chaja ya laptopu haitagundua hata kidogo, maana 180 bado iko ndani ya 100 hadi 240. Nilimwomba aongeze tundu la pili la kutumia jioni, lenye mizunguko mingi zaidi. Alikataa. Alisema umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu huku mashine iko kwenye tundu la jioni, itapata volti nyingi kuliko inavyoweza, na atakuwa ameniuzia kifo cha printa yangu. Akaniambia niweke stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti zinapopanda na kushuka, kabla ya transfoma: ukuta, stabilaiza, transfoma, printa, kwa mpangilio huo. Stabilaiza hauzi. Angeweza kunikubalia na kuchukua dola zingine 10, nami nisingejua.

Nilinunua stabilaiza ya volti-ampea 2000 kwingine, yenye kitufe cha kuchelewesha umeme ukirudi. Tangu hapo printa imefanya kazi kipindi chote cha kuwasilisha kazi za mwisho, ule mwezi ambao wanafunzi wanapanga mstari hadi nje, na haijawahi kuzimika kwa sababu ya umeme ila pale mtaa mzima ulipozimika.

Sasa kasoro, maana zipo.

Muda. Aliniambia siku nne. Ikapita zaidi ya wiki kwa kuwa waya wa unene aliotaka ulikosekana, na hakunipigia simu, ilibidi niende. Kwa mtu mwenye wateja wanaongoja hilo linaumiza. Kama una tarehe, mwambie wiki mbili mapema.

Sanduku. Kazi ya ndani ni safi sana, ya nje hapana. Transfoma yangu ilitoka imefungwa kwenye sanduku la bati la kukata mwenyewe, kingo zake kali, na kwenye kona moja kidole cha mtoto kingeweza kuingia. Nilikataa kuichukua hivyo. Aliikunja kingo na kuziba ile kona bila kulalamika, lakini hilo lilipaswa kufanywa kabla.

Fyuzi haikuwemo. Kwa dola 90 fyuzi ingekuwemo. Niliiomba, akaiweka upande wa kuingia, akanidai zile dola 2.

Inanguruma. Si kwa sauti kubwa, lakini kwenye chumba kimoja nanyi mnaisikia siku nzima. Na ukiiwasha, kwa sekunde moja taa za nyumba zinafifia, maana transfoma kubwa hivi huvuta umeme mwingi inapoanza. Mara chache swichi kuu imeanguka. Nimezoea kuiwasha kwanza, peke yake, kabla ya mashine nyingine. Jioni naizima ukutani, kwa sababu hata printa ikiwa imezimwa, transfoma inaendelea kunywa umeme.

Risiti anaandika kwenye daftari la mwanafunzi na kukukatia karatasi. Dhamana ni ya mdomo: mwaka mmoja, ikiungua anasuka upya na wewe unalipa waya tu. Ninamwamini. Lakini kama ni shirika au shule inayohitaji karatasi yenye mhuri kwa mhasibu, hapo mtapata tabu.

Na zile ralonji za matundu ya kila namna, ambazo yeye mwenyewe anazisema vibaya, zinauzwa mlangoni pake na kijana wake. Nilimwambia wazi kwamba hilo silipendi. Alisema kijana ana meza yake na biashara yake. Mimi bado silipendi.

Kwa wenye kompyuta za mezani zilizotumwa kama msaada kutoka Marekani au Kanada: nyuma, karibu na mahali kebo inapoingia, za zamani nyingi zina kiswichi chekundu chenye namba 115 na 230. Hizo hazihitaji transfoma kabisa. Fundi anakisukuma kwa ncha ya bisibisi kwenda 230 kabla ya kuchomeka, na hapokei pesa. Kikiachwa kwenye 115 utasikia mlio mmoja tu. Zisizo na kiswichi hicho, asome kibandiko. Nyingi za siku hizi zinakubali 100 hadi 240 zenyewe. UPS ya Marekani, hata kama umepewa bure, usiilipie usafiri. Inaingia 120, inatoa 120, na betri yake ikifika hapa imeshachoka.

Wanaosafiri kwenda nje wanapita kwake pia. Kwa Lusaka na Dubai anakuuzia kebo ya Kiingereza, kwa Johannesburg ile ya miguu minene, kwa Brussels na Paris hununui kitu. Mwanafunzi mmoja niliyemkuta pale alikuwa anaenda India akitaka kununua transfoma ya kubeba; alisomewa chaja yake na kurudishwa nyumbani na kebo ya dola 4, kwa kuwa umeme wa India ni volti 230 na laptopu yake ilikuwa inaukubali tangu siku ya kwanza.

Nenda asubuhi, kabla motere za vinu hazijaanza kuletwa. Beba mashine yenyewe. Picha ya kibandiko kwenye simu inatosha kama herufi zinasomeka, lakini akiiona mashine anakagua na kebo. Beba dola ndogondogo au franka, chenji hana. Na mweleze mapema umeme wa mtaa wako unashuka hadi ngapi jioni. Kama hujui, anaazimisha mita kwa usiku mmoja ukiacha kitambulisho.